Kitalu Kisicho na Mlango

Nyama iligawanywa kabla ya leseni kununuliwa. Mke wangu alitangaza kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa Aurora, huku Colorado, Marekani, kwamba wanaume wa nyumba yake wanakwenda porini kuwinda elki. Kufika Isha, paja la kulia lilishachukuliwa na mwenyekiti, la kushoto lilikuwa na wagombea wawili waliokuwa hawasemezani, na mama mmoja wa Pemba alikuwa ameweka oda ya maini, eti damu yake imepungua.

Sikuwalaumu. Elki si sungura. Ni mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi matawi, na dume likishiba linapita kilo 300, unaweza kulisimamisha karibu na tandala mkubwa wasionane wageni. Toa mifupa, toa ngozi, unabaki na nyama tupu inayokaribia kilo 100. Na Colorado ndiyo jimbo lenye elki wengi kuliko majimbo yote ya Marekani, zaidi ya 280,000 kwa makadirio. Kina mama walipiga hesabu, wakaona hata wakikosa wote, mmoja hawezi kukosekana.

Tulikwenda watu watatu. Mimi nimekulia Handeni, na uwindaji wangu wote ni kumbebea babu kidumu cha maji nyuma ya gobore lake. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni wa Likoni, Mombasa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, yeye hajazaliwa, kwa hiyo elimu yake ameitoa YouTube, tena anatazama kwa kasi ya mara mbili. Wa tatu ni jirani yetu wa Bukavu, tunamwita Papaa. Huyu hakuwa na leseni wala hamu ya kuwa nayo. "Masasi nilishasikiaka ya kutosha," alituambia, yaani risasi, na hakuna aliyembishia. Akaja kama mpishi na mpagazi.

Sasa kazi ikawa kuchagua pa kwenda. Kwetu Tanzania vitalu vya uwindaji hupewa kampuni, mwananchi wa kawaida anavisikia redioni. Huku magharibi mwa Marekani mambo ni mengine: zaidi ya theluthi moja ya Colorado ni mali ya serikali kuu, misitu ya taifa na nyika, na mtu yeyote mwenye leseni anaingia na bunduki yake bila kumwamkia mtu. Jimbo limekatwa vitalu vyenye namba. Vipo vya kifahari, huko kaskazini magharibi, ambavyo watu wanaomba kila mwaka na kujikusanyia pointi zaidi ya miaka 20 ndipo jina litoke. Mtu anaomba akiwa na nywele, anapata akiwa na wajukuu. Na vipo vya makabwela: leseni ya dume kwa msimu wa pili wa bunduki, mwishoni mwa Oktoba, unaingia dukani unanunua. Kwa mkazi wa jimbo haifiki hata dola 100.

Kikao cha kuchagua kilikaa sebuleni kwangu. Shemeji alitaka milima ya Flat Tops, juu kabisa, mita 3,000 na zaidi, kwa sababu ameona video ya mzungu mmoja akilia kwa furaha huko. Papaa alipendekeza tufike mji wa Meeker kwanza, tuulize watu. Wazo lake tulilicheka sana, nakumbuka Shemeji alimwagikiwa chai. Mwenye enzi ya GPS anauliza watu?

Mimi nilikuwa na ramani kwenye simu. Rangi ya kijani ni msitu wa taifa, njano ni nyika ya serikali kuu, bluu ni ya jimbo (hii usiikimbilie, si yote iliyo wazi kwa wawindaji), nyeupe ni ya mtu. Nikaiona njano moja safi, mraba mzuri, kusini ya Meeker kidogo. Ina chemchemi. Ina kichaka cha mialoni mifupi. Barabara ya wilaya inapita mita 400 tu pembeni. Na kila taarifa niliyosoma ilionyesha hakuna mwindaji anayekwenda pale. Shemeji akasema, "Wallahi shemeji, hapa ndipo penyewe." Kura zikapigwa, mbili kwa moja.

Tuliondoka Aurora usiku. Njia kuu ya I-70, tukapita handaki la Eisenhower ambako masikio ya Shemeji yaliziba na hayakuzibuka mpaka Jumatatu, tukafika mji wa Rifle, tukakata kaskazini. Alfajiri tukawa tumeegesha mahali penyewe, tumevaa fulana za rangi ya machungwa na kofia zake, maana sheria inataka uonekane, inchi za mraba 500 za rangi hiyo kuanzia kiunoni kwenda juu. Papaa hakulazimika kuvaa, lakini alivaa ya kwake na ya akiba juu yake.

Kukapambazuka. Na elki walikuwepo! Naapa. Majike kama kumi na kitu, ndama, na dume moja lenye pembe zilizopita kipimo cha sheria, limesimama ndani ya njano yangu linakuna shingo kwenye mti. Mkono ulinitetemeka mpaka darubini ikawa inanipiga kwenye nyusi.

"Twende," alinong'ona Shemeji.

"Mulango iko wapi?" aliuliza Papaa.

Hilo ndilo swali ambalo kikao kizima hakikuliuliza. Kati ya barabara na ule mraba kulikuwa na ukanda mweupe. Nikazungusha ramani. Mweupe kusini, mweupe mashariki, mweupe kote. Ardhi ya umma, imezungukwa na ranchi ya mtu mmoja, na hakuna hata njia ya mbuzi ya kuingilia. Kumpiga elki kutoka barabarani ni kosa. Kukatiza kwenye ranchi bila ruhusa ni kosa jingine, na Colorado mwenye ardhi halazimiki hata kuweka kibao wala uzio. Kujua mpaka ni kazi yako wewe mwindaji.

Papaa alielewa polepole. "Udongo ni ya leta?"

"Ya serikali, ndiyo."

"Na leta iliweka nyama ndani, ikasahau mulango?"

Shemeji hakukata tamaa. Aligundua kwamba kona moja ya mraba wetu inagusana na kona ya njano nyingine yenye njia. Kona kwa kona, nukta moja. Akasema tutazunguka, tufike kwenye ile nukta, turuke. Akasimama barabarani kutuonyesha atakavyoruka, na miguu yake mirefu kweli. Nikamweleza habari za Wyoming: mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka kona namna hiyo kwa ngazi, bila unyayo kugusa ardhi ya tajiri, wakashtakiwa, baraza la wananchi mahakamani likawaachia, tajiri akafungua kesi ya madai akitaka mamilioni ya dola. Mahakama ya rufaa ilikuja kuwapa haki wawindaji Machi 2025, lakini baada ya kuzungushwa na kesi zaidi ya miaka mitatu.

"Mi niko na batoto batano," alisema Papaa. "Siko na mamilioni."

Tukiwa katika hali hiyo, watu wazima watatu wa rangi ya machungwa, mmoja anaruka, akaja mwenye ranchi. Mzee wa Kimarekani, pikipiki ya magurudumu manne, mbwa nyuma. Mimi na Shemeji tulianza kueleza sheria kwa pamoja. Papaa alitupita, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza hali ya mke, watoto na ng'ombe, kisha akafungua kontena la maandazi ya hiliki aliyopika mke wangu. Mzee akala moja. Akazima injini. Akala la pili, la tatu akampa mbwa nusu.

Wakaongea wao wawili. Mzee akalalamika kwamba elki wanamlia majani makavu ya ng'ombe wote wa majira ya baridi. Kumbe risasi zikianza kulia kwenye misitu ya umma, elki wanahamia kwake siku hiyohiyo. Tukamuuliza bei ya kupita. Akasema dola 6,000 kwa bunduki moja.

"Na kama tunalipa kidogo kidogo?" aliuliza Papaa.

Mzee alicheka mpaka akapaliwa na andazi, halafu akatuonyesha kidole: juu kule, msitu wa taifa, mkifika mahali ambapo mnatamani kurudi, endeleeni.

Tulipanda. Theluji ilikuwa haijaanguka, kwa hiyo elki wowote waliobaki walikuwa juu zaidi na sisi tulikuwa chini zaidi, na hali hiyo haikubadilika siku nzima. Papaa alibeba sufuria. Mchana Shemeji alitoa filimbi yake ya kuiga sauti ya jike, akapuliza. Msitu ukajibu! Akapuliza tena, ukajibu karibu zaidi. Tukalala kifudifudi. Shemeji alikuwa anasoma dua huku anapuliza, jambo ambalo sikujua linawezekana. Ilipita kama nusu saa ya mahaba hayo ndipo matawi yakafunguka, akatokea babu mmoja wa rangi ya machungwa, filimbi mdomoni. Wakatazamana yeye na Shemeji kama wachumba wa mtandaoni waliokutana stendi.

Kutoka pale juu bonde lote lilionekana. Sikutaka kutazama, nikatazama. Mraba wangu ule, na dume lile limelala chini linacheua.

Kwa takwimu za jimbo, takriban mwindaji mmoja kati ya watano ndiye hurudi na nyama. Nilizituma kwenye kundi la kina mama tukiwa njiani kurudi. Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti aliondoka kwenye kundi, baadaye akarudishwa kwa upatanishi.

Basi Novemba inakatika, simu ya Papaa ikalia. Ni mzee wa ranchi. Elki wamerudi kwenye majani yake, na kuna leseni za majike za mwisho wa msimu, za ardhi binafsi tu, zinanunuliwa bila bahati nasibu. Anamkaribisha. Bure. Nikamwambia Papaa ashukuru sana, na mimi na Shemeji tutafika Jumamosi.

"Hapana," alisema Papaa. "Ameniita miye."

Nikamkumbusha hana leseni, na leseni kwa kawaida inataka cheti cha mafunzo ya uwindaji. Akaniambia ameshaanza darasa, na ameketi na watoto wa miaka kumi na miwili ambao wanampenda sana. Alifaulu. Sasa anatembea na kile cheti kwenye mfuko wa shati, na kina mama wanamwita "mwindaji" mbele yetu. Maini ya mama wa Pemba yeye ndiye ameyaahidi.

Jana usiku alitutumia ujumbe mimi na Shemeji kwa pamoja: "Bapagazi, tunatoka saa kumi ya alfajiri. Mulete kamba, na maandazi ikuwe mingi kuliko ya kwanza. Mbwa naye anakula."