Ile ngoma ya New York na swali la nani alidharauliwa

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Marekani ilibwagwa. Hoja yake kwamba suala la nani akalie kiti cha China, serikali ya Beijing au ile ya Taipei (Taiwan), liamuliwe kwa theluthi mbili ya kura iliangushwa kwa kura 59 dhidi ya 55, na muda mfupi baadaye Azimio namba 2758 likapita kwa kura 76 dhidi ya 35. Beijing ikaingia, Taipei ikatoka. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Tanzania, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizodhamini azimio hilo, iliwakilishwa na Mzanzibari wa miaka 29, Salim Ahmed Salim, na vyombo vya habari vya Marekani vikatangaza kwamba Watanzania walicheza ngoma humo humo ukumbini.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama somo la adabu: kijana alizidisha furaha, akaja kuilipia baadaye. Mimi somo hilo silikubali. Utamaduni, kwa ninavyouona, hauichagulii nchi marafiki. Hiyo ni kazi ya maslahi, jiografia na hofu. Unachofanya ni kupanga mahali dharau inapoanzia. Mataifa mawili yanaweza kutazama kitendo kimoja, moja likaona furaha, jingine likaona limetemewa mate usoni, na sera za miaka kumi zikafuata hapo.

Anza na upande wetu. Mtu wa pwani au wa bara akishinda jambo kubwa, hashindi kimya kimya. Watu wakishinda kesi wanatoka mahakamani wakiimba. Mgombea akitangazwa, mtaa mzima unapiga vigelegele, na wala hakuna anayeuliza kama mpinzani wake amelala salama. Juu ya hapo palikuwa na deni la shukrani. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kugharamia reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, zikisema haina faida. China ikakubali, na kazi ikaanza mwaka 1970. Usiku ule wa Oktoba mafundi wa Kichina walikuwa wanatandika mataruma nchini kwetu, huku serikali yao ikiwa haina kiti Umoja wa Mataifa. Ulitegemea mwakilishi wa Tanzania apokee matokeo yale kwa kutikisa kichwa tu?

Upande wa pili nao ulikuwa na mila yake. Katika siasa za Marekani, mshindi hutegemewa kumpa mkono aliyeshindwa na kumsifu kidogo, hata kama moyoni anacheka. Hilo ni jambo la adabu, na linaeleweka. Lakini adabu hiyo huwa na sharti lisilotamkwa: wanaopeana mikono wawe wanaonana kuwa sawa. Sharti hilo halikuwepo.

Hili sasa tuna ushahidi wake. Kesho yake, Gavana wa California, Ronald Reagan, alimpigia simu Rais Nixon. Kipande cha mazungumzo hayo kilichofichwa kwa miaka mingi kilitoka hadharani mwaka 2019. Reagan anasikika akiwaita wajumbe wa Kiafrika aliowaona kwenye televisheni nyani, wasiozoea hata kuvaa viatu. Nixon anacheka. Kwa hiyo tukisema "mawasiliano baina ya tamaduni yalikwama", tunapamba. Anayekuona mnyama hana haja ya kuelezwa maana ya ngoma yako.

Fuatilia watu hao mbele kidogo. Mwaka 1981 Salim, akiwa ameshakuwa Rais wa Baraza Kuu na Waziri wa Mambo ya Nje, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria. Marekani ikampinga Salim kwa kura ya turufu, mara baada ya mara. China ikampinga Waldheim vivyo hivyo. Mkwamo ukadumu kwa wiki kadhaa hadi wote wawili wakakaa pembeni, na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Rais wa Marekani wakati huo? Reagan. Makamu wake? George Bush, ambaye mwaka 1971 alikuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa na ndiye aliyeshindwa kura ile.

Sitaki kuitwika ngoma mzigo wote. Msimamo wa Salim juu ya ukaburu na juu ya Palestina ungetosha kabisa kuiudhi Washington ya miaka ile ya Vita Baridi. Ila ninaamini ngoma iliwapa kisingizio chenye sura ya adabu. Ni rahisi kusema "yule bwana alitudhihaki" kuliko kusema "yule bwana hatatutii".

Nasi tunayo mistari yetu isiyovukwa, na wageni wameshajikwaa hapo. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilichukia Tanzania kuruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki jijini Dar es Salaam. Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ikitegemea kwamba maskini akitishwa atajirekebisha. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada yao mingine yote ya kiserikali. Kwa hesabu za Bonn, huo ulikuwa ukaidi wa kujiumiza. Kwa watu waliolelewa kuamini kwamba chakula cha masimango hakishuki kooni, hapakuwa na jibu jingine. Mwishoni mwa mwaka huo huo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa, na Mwalimu hakurudi nyuma.

Kuna nchi zilizojifunza kinyume chake, kutokasirika hadharani. Ndugu zetu wa Oman ndio mfano ninaoupenda. Waarabu wengi walipoitenga Misri mwaka 1979 kwa kufanya amani na Israel, Muscat haikufuata. Qatar iliposusiwa na majirani zake mwaka 2017, bandari za Oman zilibaki wazi. Wamarekani na Wairani walizungumza kwa siri Muscat kabla ya mkataba wa nyuklia ya Iran wa 2015. Wengi hulieleza jambo hili kwa dini: ni Maibadhi, dhehebu la Kiislamu la watu wa wastani. Maelezo hayo ni ya kivivu kidogo. Oman inatazamana na Iran kwenye Mlango wa Hormuz, na Shah, mfalme wa Iran wa wakati ule, alipeleka askari kumsaidia Sultan Qaboos dhidi ya waasi katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Ukikaa jirani namna hiyo utajifunza upole, uwe Muibadhi au usiwe. Mila iliwapa namna ya kuufanya upole huo uonekane heshima badala ya woga.

Chuo chetu cha diplomasia pale Kurasini, Dar es Salaam, sasa kina jina la Salim. Natumaini vijana wanaosoma pale hawaishii kwenye itifaki za bendera na mpangilio wa viti, na namna ya kushika uma. Wasikilizishwe mkanda ule wa 1971, wote, hadi kicheko cha Nixon. Kisha waambiwe kwamba mwaka huo huo wa 2019 mkanda ulipotoka, Beijing ilimtunuku Salim Medali ya Urafiki, miaka 48 baada ya kura ile. Halafu waulizwe, bila kupewa jibu: wewe ungekuwa ukumbini, ungebaki umekaa?