Iache Hapo Mzee, Tutaiona

Juzi Jumanne nilimsindikiza Baba Mdogo kwenye ofisi moja ambayo siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ilikuwa safari yake ya nne kwa ajili ya barua moja. Barua yenyewe haina maajabu: mwalimu mstaafu anaomba mapunjo yake ya mshahara yahakikiwe, ameambatanisha hati za mshahara na nakala ya barua ya kupandishwa daraja. Aliipeleka mwezi wa tatu kwa mkono wake, amevaa ile suti ya kaki ambayo huitoa kabatini kwa harusi na kwa serikali. Kijana wa mapokezi akamwambia maneno manne ambayo ndiyo yananikesha leo: "Iache hapo mzee, tutaiona."

Hakugonga muhuri. Hakuandika popote. Hakuangalia hata inakwenda kwa nani. Na Baba Mdogo, aliyefundisha hesabu darasa la saba miaka thelathini na hakuwahi kumpa mtoto alama kwa jibu lisilo na njia, akaiacha. Si ni serikali?

Safari ya pili akaambiwa aliyepokea yuko likizo. Ya tatu akaulizwa, "Mzee, una uhakika uliileta hapa?" Presha ikapanda, akanipigia simu. "Wewe si ndiyo kazi yenu hiyo?" Ndiyo, Baba. Ndiyo kazi yetu. Nimekaa masjala, chumba cha kupokea na kutunza barua na mafaili, miaka tisa kabla sijahamia utawala, na aibu niliyoiona siku ile nikiwa upande wa pili wa kaunta sitaki kuisimulia yote.

Sasa, bahati nzuri au mbaya, mtoto wa kaka yangu anaanza kazi Jumatatu. Msaidizi wa utawala, kampuni ya usafirishaji, Temeke. Wiki nzima ananitumia ujumbe: "Shangazi, nipe siri za ofisini." Nadhani alitegemea nimwambie habari za viatu na namna ya kuishi na bosi. Nina siri moja tu, na si siri: kitu chochote kikiingia mlangoni, kiandike kabla hujakiweka chini.

Si baada ya chai. Si "nikimaliza hii". Kabla hakijagusa meza.

Najua unavyojisikia ukiwa mgeni ofisini. Unataka uonekane unajua Excel. Ukifungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira la kada yetu unakuta hatimkato, yaani yale maandishi ya mkato ya kunakili kwa kasi, ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja, halafu orodha ya programu za kompyuta, na intaneti na barua pepe zimo, kana kwamba kuna mtoto wa mjini asiyejua kufungua barua pepe. Hakuna anayekuuliza: je, ukipewa bahasha na mzee wa watu, unajua mkono wako wa kulia unashika nini kwanza? Unashika kalamu. Vijana wanahitimu wanaandika kwa kasi kama mvua juu ya bati, na kijana wa Jumanne sina shaka ni mmoja wao, lakini barua ya ukurasa mmoja imemshinda kuilinda.

Sisi tulifundishwa na mama mmoja wa Tanga, mkuu wetu wa masjala, mwenye sauti ya chini kuliko feni. Hakuwahi kugomba. Alikuwa anapita asubuhi, anachukua karatasi yoyote iliyolala juu ya meza yako, anaigeuza nyuma na mbele, kisha anauliza, "Huyu mtoto hana jina?" Maana yake haina namba, haina muhuri, haimo kwenye rejista. Na rejista yenyewe ilikuwa kaunta buku tu iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe iliyoingia, kumbukumbu namba ya barua, tarehe ya barua yenyewe, inatoka kwa nani, inahusu nini, imekwenda jalada gani, amepewa nani, na mwisho kabisa sahihi ya aliyepewa. Safu nane. Ukiwa mvivu inakuchukua dakika moja na nusu. Barua ikaingia kwenye jalada, ikapigwa namba ya folio, namba yake ndani ya jalada, kwa wino mwekundu kona ya juu, na kuanzia hapo mtu akitaka kuipoteza ni lazima atie bidii.

Hiyo safu ya mwisho ndiyo watu wanaiona kero. "Yaani nimsainishe bosi?" Msainishe. Msainishe kwa adabu, "shikamoo, naomba sahihi hapa," na atasaini. Bosi ambaye hataki kusaini kwamba amepokea faili ndiye hasa unayetakiwa kumsainisha, kwa sababu siku faili likitafutwa, wa kwanza kuulizwa si yeye, ni wewe.

Naomba nikiri jambo. Mwaka wangu wa pili kazini, mwanaume mmoja alileta barua ya mkewe, muuguzi, anaomba uhamisho kumfuata mume. Ilikuwa saa saba kasoro, chipsi mayai zinanisubiri. Nikaitia kwenye droo: nikirudi nitaiandika. Nikarudi, nikaikuta simu inalia, na mambo yakaendelea kama yanavyoendelea. Niliiona tena baada ya miezi mitatu nikitafuta pini za stepla. Maombi ya uhamisho ya kipindi kile yalikuwa yamekwishapitishwa. Niliigonga muhuri, nikaiingiza, nikanyamaza. Mwaka uliofuata yule mama alihamishwa, na kabla ya kuondoka akapita dirishani kunishukuru, akiniletea maembe dodo, mfuko mzima, kwa jinsi "nilivyomsaidia". Niliyala? Niliyala. Mpaka leo nikiona dodo namkumbuka mtu aliyekaa mwaka mzima mbali na mumewe kwa sababu ya chipsi zangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "lakini ni barua tu", tunagombana.

Chukua barua ya kumwachisha mtu kazi. Mfanyakazi akitaka kupeleka mgogoro huo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 30. Thelathini, si "mwezi na kitu". Barua imekaa mapokezi wiki mbili kwa sababu dada wa mapokezi aliiweka chini ya kalenda, mtu anaanza kubishana na tarehe badala ya kubishana na haki yake. Au zabuni: saa nne kamili asubuhi ndiyo mwisho, bahasha imefika saa nne kasoro tano, imeandikwa na nani? Hakuna. Basi jiandae kwa kesi. Barua ya benki, hati ya wito wa mahakama, cheti cha daktari cha mfanyakazi, zote zinapita kwenye mikono ya yule yule tunayemwita "karani tu".

Na muhuri wa tarehe, jamani. Muhuri ule una vigurudumu, na vigurudumu havijizungushi vyenyewe kama saa ya ukutani. Kila asubuhi, kabla ya chai, geuza tarehe, gonga kwenye karatasi chakavu, soma. Niliwahi kuona ofisi iliyopokea barua za Alhamisi na Ijumaa zote siku ya Jumatano. Mkaguzi alipofika akauliza kama ofisi hiyo inafanya kazi siku moja kwa wiki, na hakuwa anatania.

Halafu WhatsApp. Hili naona niliseme polepole. Mteja anakutumia picha ya barua kwenye simu yako, unajibu kwa kidole gumba, unajisikia umefanya kazi. Hujafanya. Hiyo barua iko kwenye simu yako, kati ya picha za mchango wa harusi na sauti za shemeji yako. Simu ikiibiwa Kariakoo, kumbukumbu za ofisi zimeibiwa Kariakoo. Ukihama kazi, zimehama na wewe. Sikatazi watu kutumiana. Bosi akisema "nitumie hapa chap", mtumie. Lakini ichapishe, au iingize kwenye barua pepe ya ofisi, igonge, iandike. Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka tangu 2002, na mtu anaona hifadhi ya taifa ni kundi la "Ofisi Yetu Family".

Najua wataalamu mmeshaanza kunijibu: shangazi, siku hizi kuna e-Ofisi, barua inaskaniwa, inapanda kwenye mfumo, unaona imesimama kwa nani na kwa siku ngapi. Sawa. Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba mfumo ukitumika vizuri umetushinda. Na masjala za zamani hazikuwa pepo: kulikuwa na mafaili yanayopotea mpaka mwenye shida "aongee vizuri", na yakionekana yananuka soda. Mfumo umewabana wale. Lakini mfumo hauna mkono. Karatasi ya Baba Mdogo haiwezi kutambaa yenyewe mpaka kwenye skana. Kati ya mlango na mashine kuna mtu, na mtu huyo akisema "iache hapo", basi mabilioni yote ya kompyuta yameishia kwenye kaunta. Na mtandao ukikatika? "Mfumo uko chini, njoo kesho." Kaunta buku haijawahi kuwa chini.

Mengine ambayo watu huandika kurasa nzima nitayapitia mbio. Fika mapema. Usiseme bosi yuko kikaoni kama yuko ndani anakula ndizi. Sema "hawezi kukuona leo, njoo Alhamisi saa tatu," na Alhamisi awepo. Usichomoe karatasi kwenye jalada hata kama umeombwa na malaika, toa nakala. Ukiandika dokezo, ile karatasi ya kumwomba bosi uamuzi, ajue kwenye sentensi ya kwanza unataka aamue nini. Yanayosemwa ndani ya chumba cha bosi usiyapeleke kwa mama ntilie, yeye ana ofisi nne zinazokula pale. Na kama unaweza kuishi bila "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", mimi binafsi nitakuombea dua.

Ah, na kumrudishia aliyeleta barua nakala iliyogongwa "IMEPOKELEWA". Hili nalo si la mbio. Nakala ile ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa kawaida anatoka nacho ofisini kwako. Wewe una mlango, kaunta, kiyoyozi na beji shingoni. Yeye amepanda daladala mbili. Ukimpa karatasi yenye muhuri na tarehe, mko sawa kidogo. Ukimnyima, anabaki kukutegemea uwe mtu mwema, na sisi wote tunajua wema wetu saa nane mchana unavyokuwa.

Turudi Jumanne. Nilimwomba yule kijana, kwa sauti ya mama wa Tanga, anionyeshe rejista ya mwezi wa tatu. Akaniangalia kama nimemuomba figo. Rejista ipo, ila "inajazwa na mwenzangu". Nikamwambia basi tutakaa, hatuna haraka. Tukakaa. Baba Mdogo akatoa gazeti lake. Baada ya saa moja na robo kijana alipata nguvu ya kufungua trei moja baada ya nyingine, na barua ikaonekana ndani ya bahasha yake ile ile, haijafunguliwa, chini ya boksi la karatasi za A4.

Akafurahi kweli. "Si nilisema ipo!" Akachukua muhuri, akagonga mbele yetu, akampa mzee nakala yake kwa mikono miwili. Baba Mdogo akavaa miwani, akasoma.

"Mwanangu, hii tarehe ni ya leo."

"Ndiyo mzee."

"Niliileta mwezi wa tatu."

"Muhuri haurudi nyuma mzee wangu, itakuwa kughushi."

Na ubaya ni kwamba alikuwa na haki. Sikuwa na la kumjibu. Baba Mdogo akaikunja nakala mara mbili, akaitia mfuko wa shati, tukaenda kutafuta daladala.

Jioni nikapita dukani nikamnunulia mpwa wangu kaunta buku, rula na kalamu nyekundu. Nikamtumia kwa bodaboda, nikampigia nikamwelekeza safu nane. Akacheka. "Shangazi, hii kampuni ndogo. Na siku isiyokuwa na barua, naandika nini?"

Andika tarehe, nikamwambia. Halafu mbele yake andika: hakuna barua.