Nionyeshe Ukurasa

"Kitabu moto sana. Kisomeni." Basi, hayo ndiyo maoni. Mtu amekaa na riwaya ya kurasa 300 wiki tatu nzima, ameibeba kwenye matatu kutoka Rongai hadi mjini, kikao cha kikundi cha wasomaji kimefika, chai imeagizwa, zamu yake imewadia, na kinachomtoka ni maneno manne. Anayefuata anaongeza, "Kimenigusa." Wa tatu anasema wahusika wamesukwa vizuri. Wa nne hajakisoma ila amesikia kinasifiwa. Saa mbili zinaisha, bili inakuja, na hakuna aliyepingana na mwenzake hata kwa koma moja.

Vikundi vya wasomaji vimejaa Nairobi siku hizi na hilo ni jema, msinishike vibaya. Na ndiyo, kuna mtu anayesoma ili apumzike tu na hadaiwi maelezo na yeyote. Haya, apumzike. Lakini ukishapanda matatu Jumamosi, ukavuka mji mzima ili uje kuzungumzia kitabu, basi kizungumzie.

Ugonjwa wenyewe tunajua tuliuokota wapi. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari: saa 2 na nusu, maswali manne, alama 20 kila moja, na mwongozo uliokaririwa hadi nukta. Maudhui tuliyajua kabla ya kuifungua riwaya. Wengine hawakuifungua kabisa na wakapata A. Sasa mtu mzima, mwenye kazi na mkopo wa Sacco, bado anauliza "ujumbe wa mwandishi ni upi?" kana kwamba mtahini amesimama mlangoni na kalamu nyekundu.

Hata hivyo karatasi ile ile ilikuwa na swali moja la maana, nalo ndilo tulilolichukia kuliko yote: dondoo. Eleza muktadha wake, alama 4. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Hapo mwongozo haukutosha. Ilibidi urudi kwenye maneno yaliyoandikwa. Ningekuwa na mamlaka, kila kikundi cha wasomaji jijini kingekuwa na sheria hii moja: maoni bila dondoo hayahesabiwi.

Kazi inaanza unaposoma, wala si usiku wa kuamkia kikao. Kata vipande vya karatasi vya upana wa kidole. Hata risiti za supamaketi zinafaa. Kila mahali kitabu kilipokufanya kitu, yaani ulipocheka, ulipokasirika, uliporudia sentensi, uliposinzia, chomeka kipande na uandike neno moja juu yake. Neno moja tu, maana ukianza kuandika aya utachoka kufika sura ya tatu na vipande vitaishia hapo. Usipige mistari kwenye kitabu cha maktaba, tafadhali. Nakala za kuinama, yaani vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya Barabara ya Tom Mboya, mara nyingi zimeshapigwa mistari na mtu usiyemjua, na ukiifuata utajikuta umekuja kikaoni na maoni yake.

Ukimaliza utakuwa na vipande 20 au 30. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanakuja navyo vyote, wanapekua, wanasema "ngojeni kidogo, kulikuwa na mahali," na dakika zinayoyoma. Vipunguze hadi vitatu. Kimoja pale kitabu kilipofaulu, kimoja pale kilipoanguka, na kimoja pale ambapo hukuelewa. Hicho cha mwisho ndicho watu huficha kwa aibu, na ndicho kinachowafungua wengine midomo, kwa sababu karibu kila mtu mezani alikwama hapo hapo akanyamaza.

Kikaoni, soma kwa sauti. Nusu ukurasa, usizidishe, la sivyo simu zitaanza kutoka mifukoni. Kisha dakika tatu za kusema unachoona, bila kukatizwa. Anayetaka kukujibu lazima afungue mahali pale pale. Tatizo ni kwamba kurasa hazilingani: huyu ana toleo la zamani, yule anasoma kwenye simu na kila akikuza herufi ukurasa unahama. Kwa hiyo taja sura na maneno matatu ya kwanza ya aya. Mwenye PDF iliyopigwa skani kwa simu atatafuta aya na asiipate, maana ukurasa wenyewe uliliwa na kidole cha aliyeskani. Wizi nao una adhabu zake.

Chukua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ina zaidi ya miaka 30, kwa hiyo asije mtu kulia kwamba nimemharibia utamu. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, anajificha na Khalil kikosi cha askari wa Wajerumani kinapofika. Kikishaondoka, anatoka na kukikimbilia. Msomaji wa "kitabu moto" atakuambia mwisho ni wa ghafla, kisha atanyanyua kikombe. Ghafla kuanzia aya ipi? Fungua. Kati ya kujificha na kukimbia kuna mbwa wanaokula kinyesi walichoacha askari, na Yusuf anawatazama na kujiona. Halafu kuna sauti kama ya milango ya bustani inayotiwa komeo nyuma yake. Mmoja anaweza kusema aya hizo ni chache mno kubeba uamuzi mzito kama ule. Mwingine atamjibu kwamba bustani ile imekuwa ikimvuta na kumfungia Yusuf tangu sehemu ya kwanza, na komeo moja linatosha. Hapo sasa ni ugomvi wenye adabu, na wote wawili wameshika karatasi.

Kitabu kiwe chochote, aliyekiachia njiani azungumze wa kwanza. Najua desturi ni kumcheka. Lakini waliomaliza wameshasahau walichoka wapi, kwa vile mwisho umewasamehesha yote. Yeye anajua: sura ya saba, mwandishi alipoanza kueleza historia ya ukoo mzima kabla mgeni hajakaribishwa kiti. Muulize aliachia wapi hasa, kisha waliovuka waseme walivukaje.

Anayesimulia kisa chote tangu mwanzo, mwombe kwa upole anywe chai yake.

Na sasa wale wa "tuunge mkono vya kwetu." Nairobi ni kijiji. Mwandishi wa hapa akitoa kitabu, mezani hapakosi mtu aliyesoma naye, aliyefanya naye kazi, au mwenye shemeji aliyemwoa binamu yake. Basi sote tunageuka wazee wa harusi: sifa tupu. Hariri mbovu, sura mbili zinazorudia jambo moja, mhusika anayeitwa jina hili ukurasa wa 40 na jina lingine ukurasa wa 90, yote tunayameza. Halafu kitabu cha pili kinatoka na makosa yale yale, na tunashangaa. Mkono wa kuunga ni kununua nakala mpya dukani kwa bei kamili, pamoja na VAT ya asilimia 16 tuliyobebeshwa kwenye vitabu tangu 2013, badala ya kuomba nakala ya bure siku ya uzinduzi. Ukishalipa, umepata haki ya kumwambia bwana yule kwamba sura ya tano haifanyi kazi.

Chagueni kitabu kinachofuata kabla watu wa Rongai hawajaanza kutazama saa, na mjipe wiki sita. Muuzaji wa kuinama huwa na nakala moja moja, na ninyi mko wanane. Atakayeipata aisome siku tano na kuipitisha, vipande vyake vya karatasi akivitoa kwanza. Na mkutane kabla mechi za Uingereza hazijaanza, kwa sababu hakuna mkahawa wa mjini utakaozima televisheni kwa ajili ya aya ya Gurnah.