Mwanamke mnene naye aruhusiwe kukosea

Ukitaka kujua kama aliyeandika komedi alikaa chini akafikiri, mtazame mwanamke mnene anaingia ameshika nini. Kama ni sahani ya chipsi au paja la kuku, hapo hakuna kilichofikiriwa. Atakula, atahema, atamng'ang'ania mwanamume anayemkimbia, atatoka. Wiki ijayo anarudi kufanya yaleyale. Jina hana, anaitwa Bonge. Hata kwenye vibanda umiza, filamu ya nje ikiwa na mwanamke mnene, awe daktari au hakimu, anayetafsiri atamwita Bonge tangu anapotokea mpaka filamu inaisha.

Komedi naipenda. Nimekulia Chang'ombe hapa Dodoma, na jioni ya Ze Comedy watoto wa majirani walikuwa wanajaa sebuleni kwetu mpaka mlangoni. Wachekeshaji hao walipotoka EATV wakaenda TBC na kuwa Orijino Komedi, tukahama nao. Kwa hiyo siombi vicheko vizimwe. Ninachodai ni kwamba mwanamke mnene apewe makosa. Makosa ya tabia, yaani uongo, ubahili, wivu, kiburi, tamaa ya cheo. Kwa sasa kosa alilopewa ni kilo zake, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa stelingi. Stelingi anafanya jambo kwa akili yake, linaharibika, anahangaika kulitengeneza, na sisi tunakaa roho juu. Mwili haufanyi jambo lolote. Upo tu.

Wanaume wanene haki hii walishapewa zamani. Jacob Steven, JB, tunamwita Bonge la Bwana, jina linalotaja mwili waziwazi, lakini kwenye filamu za Bongo amekuwa mume, mpenzi, mtu mwenye pesa, mtu mwenye matatizo ya kutosha kujaza hadithi nzima. Hakuna anayeshangaa mwanamke mzuri akimpenda. Kenya walikuwa na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, na Papa Shirandula wake wa Citizen TV: mlinzi wa getini anayewaaminisha watu kwamba ana kazi ya ofisini. Bukeko alikuwa mtu wa mwili mkubwa kweli, lakini kilichotuchekesha ni hofu ya kukamatwa na uongo wake mwenyewe. Na aliyeigiza mkewe Wilbroda, Jacqueline Nyaminde, naye ni mwanamke mwenye mwili. Watu wawili wanene nyumba moja, na hadithi inahusu uongo! Inawezekana kumbe. King Majuto, Mungu amrehemu, alituchekesha miaka na miaka kwa ubahili, ujanja na ulafi wa mali, na hatukuwahi kumdai awe mtu mwema ndipo tumpende.

Mwanamke wa kwenye vichekesho vyetu anabanwa pande mbili. Akiwa mwembamba na mzuri, anatakiwa awe malaika, au basi awe mchepuko mwenye roho mbaya. Akiwa mnene hata roho mbaya hapewi. Nigeria wametutangulia katika hili. Funke Akindele alimleta Jenifa mwaka 2008 kwenye filamu, kisha akamtengenezea tamthilia. Ni msichana kutoka kijijini anayejifanya wa mjini, anayedanganya, anayejisifu, anayekatakata Kiingereza bila aibu. Anakera. Anakosea tena palepale alipokosea jana. Na watu wamemfuata kwa miaka mingi kwa sababu makosa yale ni yake, ameyachagua, na kila mara tunataka kuona atajinasuaje.

Wazungu wanaosifiwa kwa komedi nao wameanguka kwenye shimo hili, tena vibaya. Friends, iliyorushwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2004, ina Monica, anayeigizwa na Courteney Cox. Monica mwembamba ana kasoro tele: anasafisha mpaka kisichohitaji kusafishwa, hakubali kushindwa hata mchezo wa kitoto, anataka kila mtu afuate utaratibu wake. Kasoro hizo ndizo zimemfanya awe mtu. Sasa kuanzia 1996 wakaanza kutuonyesha alivyokuwa zamani akiwa mnene, Cox amevalishwa mwili wa bandia. Zile kasoro zote zinayeyuka. Monica yule wa zamani anakula, anacheza muziki, na watazamaji wanasikika wakicheka kabla hajasema neno. Sehemu moja ya 1998 inaeleza kwamba alipungua baada ya kumsikia Chandler, rafiki wa kaka yake, akimsema unene wake, na mwaka unaofuata katika hadithi anatokea mwembamba ili kulipiza. Mwaka 2000 wakatengeneza hadithi ya "ingekuwaje" ambamo hakuwahi kupungua, na humo amefika utu uzima hajawahi kulala na mwanamume. Ni mtu yuleyule, waandishi ni walewale. Walipomwongezea kilo wakampunguzia akili. Huwa najiuliza kama chumba kile cha waandishi kulikuwa na mtu hata mmoja aliyeliona hilo.

Kuna waliojitahidi. Mo'Nique kwenye The Parkers, 1999 hadi 2004, aliigiza Nikki, mama anayesoma chuo kimoja na binti yake na kumfukuzia Profesa Oglevee misimu mitano. Kumkimbiza mwanamume ni kichekesho kilekile kilichochakaa, sikatai. Lakini Nikki hajioni pungufu hata dakika moja, na kinachochekwa ni ukaidi wake, kisha mwisho wa yote anaolewa na profesa wake. Baadaye ikaja Shrill, 2019 hadi 2021, ya Aidy Bryant, ambayo kwangu ndiyo iliyofika mbali zaidi. Annie ni mwandishi wa habari, mnene, mpole wa kujifanya. Anapoanza kujitetea anapitiliza: anakuwa mbinafsi, anamuumiza rafiki yake Fran, anamfuata aliyekuwa akimtukana mtandaoni hadi nyumbani kwake na kuvunja kioo cha gari lake. Unamtazama unataka umshike mkono umwambie acha. Hapo ndipo ninapotaka tufike.

Mdogo wangu anaigiza. Ni mnene tangu utoto, na katika watu wote ninaowafahamu sijaona anayejua kuchekesha kama yeye. Akimwiga mama mwenye nyumba anavyodai kodi huku anasema hadai, mnashika mbavu. Kikundi kimoja cha hapa mjini, jina naliacha, kilimwita kurekodi klipu Nkuhungu. Nafasi aliyopewa ni hii: mwanamke amekuja ukweni, anakaribishwa kiti, kiti kinavunjika. Basi. Kilikuwa kiti cha plastiki, vile vyeupe vinavyokodishwa kwenye misiba na kipaimara. Akakikalia, kikatulia. Wakamwambia ajiachie kwa nguvu. Kikayumba, kikasimama. Mwongozaji akamtuma kijana akaleta msumeno wa chuma, wakakata mguu mmoja wa nyuma ukabaki umeshikilia kidogo tu, wakauzungushia solotepu ya rangi ileile. Ndipo kikavunjika, na mdogo wangu akadondokea kiwiko.

"Dada," aliniambia usiku, "kile kiti nilikuwa nimekikalia tangu asubuhi nikisubiri zamu yangu. Nimekula wali hapohapo. Hakikuwa na shida na mimi."

Klipu ilipendwa sana. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Kiti. Akienda dukani, Kiti. Siku moja akiwa kwenye bajaji, mwanamume asiyemjua akamwambia asogee taratibu asije akawavunjia kama kile kiti, na abiria wote wakacheka kwa sababu wote walikuwa wameiona. Malipo yake yalikuwa nauli na ule wali. Ninawauliza waongozaji wetu: kama mpaka mlete msumeno ndipo mwili wa mtu uchekeshe, kwa nini msimwache aseme maneno? Maneno anayo.

Na alikwenda nayo. Alikuwa na wazo lake la mweka hazina wa kikoba aliyetumia hela za wenzake, na siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba, inakaribia. Aliponisimulia nilikuwa natwanga karanga za mlenda, nikauacha mchi, machozi yananitoka kwa kucheka. Kikundi kikamjibu kwamba watu hawatacheka.

Sisi wa Dodoma tungepaswa kuliona jambo hili mapema kuliko wengine, maana tumelionja. Mgogo, mwenyeji wa huku, kwenye vichekesho vya Dar es Salaam mara nyingi anaingia na lafudhi ya kukunjwakunjwa na mkono umenyooshwa anaomba. Serikali imehamia huku tangu 2016 iliposema inahamia, wizara zipo Mtumba, viwanja vimepanda bei, lakini Mgogo wa kwenye komedi bado anaomba. Hajawahi kulima zabibu, hajawahi kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, hajawahi kumpenda mtu akakataliwa. Wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma ya muheme, na kati yao nimewaona wanene, wembamba, wazee na mabinti, wana majivuno na mashindano ya kutosha komedi ya mwaka mzima. Hakuna anayewaandika. Tunanuna tukichekwa Ugogo wetu, kisha klipu ya mwanamke mnene ikija tunaisambaza kwenye magrupu ya familia. Sioni tofauti ya mambo hayo mawili.

Wapo watakaosema unene ni ugonjwa, kuna kisukari na presha, usitetee. Komedi inayomlisha mwigizaji mapaja ya kuku mbele ya kamera ili tucheke haijawahi kumpima mtu presha, kwa hiyo hoja hiyo iende kliniki. Na wapo watakaosema wanaume wakivaa magauni wanachekesha zaidi. Joti wa Orijino Komedi amecheza wahusika wa kike kwa kipaji ambacho sina neno juu yake, nao walikuwa na tabia, kila mmoja na yake. Ninaowasema ni waliomuiga wakachukua gauni wakaacha tabia, wanajaza sponji kiunoni na kifuani na kudhani kazi imekwisha. Wakati huo kuna mwanamke mnene mwenye kipaji amekaa nje anasubiri kuitwa kuvunja kiti.

Tumeamua kuandika wenyewe. Mweka hazina wetu anapanga Ipagala na anauza vitenge soko la Majengo. Ni mwongo hodari, mkarimu kwa hela za watu, mwepesi wa kukasirika akishukiwa hata pale anaposhukiwa kwa haki. Hela za kikoba amenunulia friji la kuuzia juisi ya zabibu, umeme umekatika ukarudi kwa kishindo, friji limeungua, na mwenyekiti wa kikoba ni shangazi yake anayemwamini kuliko watoto wake. Mdogo wangu anataka kila uongo uzae mwingine unaohitaji shahidi, na mashahidi wawe wanalipwa kwa vitenge. Mimi nimesimamia jambo moja tu, kwamba mwili wake utajwe mara moja katika msimu mzima. Autaje fundi cherehani, sehemu ya nne, anapompima sare ya kikoba na kumwambia kitambaa hakimtoshi. Na kitambaa kweli hakimtoshi, kwa sababu njiani ametoa mita mbili akaziuza.