Mwacheni nyoka apate njaa

Kwetu visiwani, mgeni asiyekula anaitia aibu nyumba nzima. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, walisema wazee, na hakuna anayekubali ukimwambia umeshiba. Ukarimu huo kwa watu ni sifa. Kwa nyoka ni mateso. Kijana anamleta nyoka wa kufuga nyumbani magharibi, isha ameshamwekea panya. Asubuhi anajaribu tena, mchana anamtoa mkononi amwangalie ana nini, usiku simu inalia: "Kaka, hataki kula huyu, nifanyeje?" Usifanye kitu, yakhe. Funga mlango ukalale.

Nyoka si paka. Mwili wake haupashwi na chakula, joto analitafuta nje, kwa hiyo mlo mmoja humchukua muda mrefu. Chatu mzima mwenye afya hukaa hata miezi bila kula. Yule chatu mfupi wa Ghana, Togo na Benin, anayefugwa sana duniani, anajulikana kwa kususa, hasa akihamishwa. Nyoka mchanga havumilii kiasi hicho, lakini wiki ya mwanzo haimuui. Mimi nasema wiki hiyo asipewe chakula kabisa. Mwekee maji safi, funika kasha kwa kitambaa, na marafiki waambie waje mwezi ujao.

La maana zaidi, na ndilo linalopuuzwa, ni pa kujificha. Nyoka anataka pahala panapombana, ubavu uguse ukuta huku na huku. Kwa mdogo, kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kinatosha sana. Kwa aliyekua, fudikiza chungu kilichomeguka mdomo. Viwe viwili, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi, asije akalazimika kuchagua baina ya joto na usalama wake.

Utasema, Unguja na joto lote hili, ya nini kuhangaika? Miezi ya kaskazi sawa. Lakini nyoka wengi naowaona wamewekwa chumba cha kulala chini ya kiyoyozi, na usiku wa kusi, Juni mpaka Septemba, hata bila kiyoyozi chumba hupoa. Nyoka aliyepoa hasagi chakula. Akila, panya humwozea tumboni akamtapika. Ndiyo maana mara nyingi anakataa, na yuko sahihi. Huyo chatu wa Afrika Magharibi anataka upande mmoja wa kasha ufike nyuzi 31 hadi 33, na wa pili uwe kama 25 au 26. Nunua kipimajoto kabla hujatafuta panya.

Na panya awe amekufa. Hapa sina subira na wanaopenda kutazama mapambano. Panya hai asiyeliwa usiku huanza kula yeye, na nyoka aliyejikunja kwa woga hutafunwa mgongo bila kujitetea. Panya wa mtaani ndiyo usimguse kabisa, pengine ameshaonja sumu iliyotegwa kwa jirani. Fuga panya weupe, au wahifadhi kwenye friza. Friza yako mwenyewe, tafadhali. Bi mkubwa akifungua ya nyumbani kutafuta pweza akakutana na mkia, utahama wewe na nyoka wako.

Siku ya kumlisha, mtoe panya kwenye friza mapema ayeyuke ndani ya friji. Jioni mtie kwenye mfuko uliofungwa, umzamishe ndani ya bakuli la maji ya moto yasiyochemka. Usimpike. Mfute akauke, kisha kipashe kichwa zaidi kifike nyuzi 38 hivi, kwa sababu chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na gizani kwake hilo joto ndiyo panya. Asimzidi nyoka unene. Zima taa, mshike kwa koleo refu, mtikise kidogo karibu na mlango wa kificho, halafu tulia. Akirudisha kichwa nyuma, usimfuate. Mwache panya hapo mlangoni, na asubuhi akiwa hajaliwa mtupe. Usijaribu tena kesho, ngoja wiki. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, anataka kujivua gamba, basi subiri amalize.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Uzito usiposhuka, huna kesi. Ukiporomoka, au akatoa mapovu mdomoni, muone daktari wa mifugo. Kumbana taya na kumsukumia chakula kooni si kazi ya kujifunza kwenye simu.

Aliyekamatwa shambani ni habari nyingine. Wadogo wa wale nyoka wa kahawia wanaoingia majumbani wamezoea mijusi, na pengine kumpangusia panya kwa mjusi kafiri, apate harufu yake, humdanganya. Lakini mkubwa aliyeishi porini akishikilia kukataa, sioni haki ya kumng'ang'ania, na kumkamata kwenyewe kunataka kibali. Chatu wote wamo hata kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mrudishe palepale alipotolewa, jioni, kabla hajakonda akashindwa kuwinda.