Levo Imepanda, Steringi Je?

Dogo mmoja kwenye kibanda cha gemu, Majengo, Moshi, husoma hadithi za fantasia za mfululizo akisubiri zamu yake. Nikamuuliza sehemu ya jana imeishaje. "Kapanda levo, kaka. Nguvu mia tatu!" Kapigana na nani, na kwa nini? Alishasahau.

Mtindo wa kumpa mhusika levo, yaani ngazi ya uwezo, na pointi unaanzia mbali: Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Marekani wa 1974, kisha gemu za kompyuta, halafu riwaya za mtandaoni za Korea na Urusi. Wanaoutetea wana hoja. Anayesubiri wiki nzima kupata sehemu mpya husahau, na namba humkumbusha alipoishia. Tena namba humbana mtunzi. Kurusha moto kukila pointi 40, na steringi kabakiwa na 10, hakuna muujiza wa kumwokoa. Tumechoka na steringi asiyekufa kwa sababu tu ni steringi.

Na ngazi zina raha yake. Njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, kambi ya Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720; utadhani mtunga gemu ndiye aliyezipanga. Ila anayeshuka mlimani hakusimulii mita. Anasimulia usiku wa Kibo, alivyotapika, na mpagazi aliyemvalisha glavu zake mwenyewe.

Ndipo hadithi nyingi zinaponikera. Rafiki anakufa mstari wa tatu, mstari wa nne steringi anazawadiwa pointi 500, kisha orodha ya uwezo inajaza skrini nzima. Mtunzi anayelipwa kwa kila sehemu anapata urefu. Mimi bando linakatika.

Hata hivyo, sikubali kwamba kosa ni la kanuni hizi za kigemu. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Kiswahili, hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Hiyo ni kanuni ya gemu kabisa! Kinachotushika ni kwamba anayeiuliza siri hiyo ni mwanawe, baba anahisi kabisa ametumwa, na bado anamwambia. Kisha anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima ukiogopa kuteka maji.

Mtunzi angenisikiliza, ningemwomba acheleweshe namba kwa sehemu moja tu: rafiki afe leo, pointi zije wiki ijayo, na steringi aone aibu kuzipokea.