Petroli Kumwagika Kwenye Pikipiki Si Bahati Mbaya

Jumamosi iliyopita, kwenye sheli moja hapa Mwanga, Kigoma, nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni akiwa ameketi upande nyuma ya bodaboda wakati pikipiki ikijazwa mafuta. Dereva alikuwa ameshuka na kuiegesha kwa stendi ya pembeni, kwa hiyo ilikuwa imeinama upande uleule alioketi abiria wake. Mhudumu alibana pampu mpaka mwisho, petroli ikafurika mdomo wa tangi, ikatiririka kwenye kiti na kulowesha kitenge cha yule mama kuanzia pajani hadi gotini. Dereva alipangusa tangi kwa kiganja, akafunga mfuniko, akapiga kiki palepale, wakaondoka kuelekea Ujiji.

Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyeshtuka, hata mama mwenyewe. Tumezoea. Tunaichukulia petroli inayomwagika kama vumbi la barabarani, jambo ambalo lipo tu, ilhali petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua letu la saa saba mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukaondoka, bali hushuka kwenye injini yenye moto na kwenye waya wa plagi. Tulizika zaidi ya watu 100 baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Ni kweli kwamba kinachomwagika kwenye bodaboda hakifikii hata chembe ya mzigo wa lori, lakini kinamwagika kwenye mapaja ya mtu aliyebeba mtoto.

Watu husema ni bahati mbaya, nami sikubali, kwa sababu ukisimama kando ya pampu na kutazama utaona jinsi inavyotokea, na utaona kwamba hutokea kwa namna ileile kila mara. Pampu nyingi zilizopo zimetengenezwa kwa ajili ya magari, na zikibanwa hadi mwisho zinaweza kutoa lita 30 au zaidi kwa dakika, yaani nusu lita kila sekunde. Karibu na ncha ya mdomo wa pampu kuna tundu dogo, na mafuta yanapolifikia, pampu hujizima yenyewe. Kwenye gari mpango huo hufanya kazi vizuri, kwa kuwa mdomo wa pampu huzama ndani ya shingo ndefu ya tangi. Kwenye pikipiki tangi ni fupi na liko wazi, na mhudumu, akitaka kuona mafuta yamefika wapi, huinua mdomo wa pampu na kuushikilia juu ya tangi. Hapo lile tundu liko hewani, na hakuna kitakachoizima pampu isipokuwa kidole chake mwenyewe. Anapoachia, mafuta yameshafika nje.

Dawa yake haina gharama yoyote. Pikipiki isimamishwe wima kwa stendi ya kati, mdomo wa pampu uingizwe ndani ya tangi, na kidole kibane kidogo tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mafuta yakikaribia shingo ya tangi, aachie, asubiri mdomo wa pampu umalize kudondosha, ndipo autoe. Kwenye skuta uangalifu uzidi, kwa sababu tangi nyingi huchukua lita 5 au 6 tu, na mdomo wake mara nyingi uko chini ya kiti, mahali ambapo mafuta yaliyomwagika huteremka yasionekane yameishia wapi. Injini izimwe na abiria ashuke, hata kama ananunua mafuta ya elfu mbili.

Madereva nao waache kudai wajaziwe mpaka juu kabisa. Anayekwenda Uvinza au Kasulu ana haki ya kuogopa kuishiwa njiani, hilo nampa, ila nafasi ya vidole viwili chini ya shingo ya tangi haitamkwamisha safari. Petroli iliyokaa kwenye hifadhi ya chini ya ardhi huwa na ubaridi, na ikipata joto hutanuka kwa takriban mililita moja kwa kila lita kwa kila nyuzi moja. Tangi la lita 10 lililojazwa pomoni kisha likaegeshwa juani pale kijiweni, joto la mafuta likipanda nyuzi 15, hutafuta nafasi ya karibu mililita 150, na kama nafasi hiyo haimo ndani, mafuta yatatokea kwenye tundu la kupumulia la mfuniko.

Wahudumu siwalaumu sana. Foleni ya asubuhi ni ndefu, madereva wanapiga honi, na dada mmoja wa pampu aliniambia kwamba akijaza polepole anaitwa mvivu mbele ya bosi wake. Huyo bosi ndiye ninayesema naye hapa. Anayemiliki kituo ndiye anayeweza kuamua kwamba pikipiki zitengewe pampu yao, isiyoharakishwa, na kwamba hakuna mtu anayejaziwa mafuta akiwa ameketi. Awe pia na ndoo ya mchanga ya kufunika yaliyomwagika badala ya kuyasukuma kwa maji hadi mtaroni, kwa maana mji huu umeinamia ziwa, na mitaro yetu inateremkia Tanganyika, ziwa tunalovua dagaa na kuchota maji ya kunywa.

Na ikimwagika, pikipiki isiwashwe hapohapo. Isukumwe mbali na pampu, ipanguswe kwa kitambaa, iachwe mpaka ikauke na harufu iishe. Aliyelowa avue nguo hiyo mapema iwezekanavyo, mbali na jiko na sigara, aoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu petroli ikikaa chini ya nguo iliyobana huibabua ngozi hata bila moto. Yule mama alistahili kupewa maji na sabuni pale pale kituoni, kabla hajaruhusiwa kupanda tena.